Kuhesabu watoto wa sili kisiwani: miguu na rangi, darubini, droni au ndege?

Mhifadhi anayepelekwa kukaa kisiwani msimu wa kuzaa wa sili, yule mamalia wa baharini anayezalia nchi kavu, hupewa kazi ambayo kwa mtu wa mbali husikika nyepesi: hesabu watoto. Kazi hiyo ina njia nne, na wanaoifanya hawakubaliani ipi ni bora. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya yule anayepaswa kuchagua, awe mhifadhi mpya, msimamizi wa hifadhi mwenye bajeti finyu au mtafiti anayepanga msimu wake wa kwanza. Ninayemzungumzia zaidi ni sili wa kijivu wa kaskazini mwa Atlantiki, kwa kuwa amehesabiwa kwa miongo mingi na kwa njia zote nne.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa kuhesabu tu, droni imemshinda mtu. Ila droni haijui mtoto amekufa kwa nini, na hifadhi inayojua idadi bila kujua sababu haina la kufanya idadi ikishuka. Kwa hiyo mimi ni wa kupunguza miguu, si wa kuifuta.

Kwa nini hesabu ya siku moja haitoshi

Mtoto wa sili wa kijivu huzaliwa na kilo 14 hivi, mwenye manyoya meupe marefu na ngozi iliyolegea. Maziwa ya mama yake yana mafuta yanayokaribia asilimia 60, kwa hiyo mtoto huongezeka karibu kilo mbili kila siku. Ikifika siku ya 18 hivi, mama ambaye muda wote huo hajala kitu hupandwa na dume, kisha huingia baharini na kumwacha. Mtoto hubaki nchi kavu peke yake, hunyonyoka manyoya meupe, huishi kwa mafuta aliyojiwekea, na baada ya wiki chache njaa humpeleka majini. Toka kuzaliwa hadi kuondoka ni mwezi hivi.

Kuzaa kwenyewe, katika kisiwa kimoja, huendelea kwa wiki nane au zaidi. Watoto wa mwanzo huwa wameshaondoka kabla wa mwisho hawajazaliwa, na waliokufa katikati wamezolewa na mawimbi au wameliwa na shakwe. Hakuna siku ambayo wote wapo. Anayehesabu mara moja, hata akiotea siku ya kilele, hupata idadi iliyo chini ya ukweli. Njia zote nne zinapambana na tatizo hilohilo: usimhesabu mtoto mara mbili, na usimkose aliyekuja na kuondoka ukiwa hupo.

Kinachosaidia ni kwamba umri wa mtoto husomeka mwilini. Wahifadhi hutumia hatua tano. Wa hatua ya kwanza ni mwembamba, ngozi imekunjamana, kitovu bado kibichi na chekundu. Wa pili amejaa kidogo na mikunjo imetoweka. Wa tatu ni pipa, shingo haionekani. Wa nne ameanza kunyonyoka, kwa kawaida usoni na kwenye mapezi kwanza. Wa tano amemaliza, ana manyoya mafupi ya kijivu yenye madoa. Macho yanayojua hatua hizi ni ya lazima katika njia yoyote utakayochagua, hata ile ya kukaa mbele ya kompyuta.

Miguu na rangi

Visiwa vya Farne, nje ya pwani ya Northumberland nchini Uingereza, vimehesabiwa watoto wa sili tangu mwaka 1952. Kwa sehemu kubwa ya muda huo kazi ilikuwa hivi: kila siku ya nne hivi, bahari ikiruhusu, wahifadhi wa National Trust, shirika la uhifadhi la huko, hushuka kwa mashua, hupita katikati ya sili, na kila mtoto mpya hupuliziwa rangi isiyo na madhara mgongoni. Rangi tatu au nne hupokezana. Ziara hii ni nyekundu, ijayo ni buluu, inayofuata ni njano. Asiye na rangi ni mgeni, anaongezwa kwenye hesabu. Mwenye rangi ameshahesabiwa, na rangi yake inasema alizaliwa lini. Rangi hutoka pamoja na manyoya meupe, lakini kufikia hapo imeshamaliza kazi yake.

Njia hii ina uzuri ambao hakuna mashine imeufikia. Haikadirii. Inahesabu waliozaliwa, mmoja mmoja, pamoja na waliokufa, kwa sababu maiti mwenye rangi naye husimulia: alizaliwa wiki ile, amekufa wiki hii, amekonda au amenona, ana jeraha au hana. Mtoto aliyekufa akiwa mwembamba mwenye kitovu kibichi alipotezana na mama. Aliyekufa akiwa mnene, mapafu yamejaa maji, alizolewa na dhoruba. Aliyepasuka ini bila kidonda cha nje alilaliwa na sili mkubwa, maana dume hufikia kilo 300 na hatazami anakopita. Ukijumlisha visa hivyo msimu mzima, unajua kama kisiwa kimepungukiwa na sili au kimepungukiwa na mahali pa juu pa kukimbilia mawimbi. Hayo ni mambo mawili yenye tiba tofauti kabisa.

Gharama yake hailipwi kwa pesa kwanza, inalipwa na sili. Mama humtambua mwanawe kwa harufu na sauti. Ukimkimbiza mara moja atarudi, ukimkimbiza mara kwa mara siku za mwanzo huenda asirudi, na mtoto aliyeachwa kabla ya wakati hufa njaa. Kwa hiyo mwendo wa mhifadhi ni wa kuinama na polepole, kutoka upande wa nchi kavu ili njia ya kwenda baharini isizibwe, na rangi hupuliziwa kwa fimbo ndefu badala ya kumsogelea mtoto. Sehemu ambayo mama wamebanana, unaiacha. Afadhali hesabu yenye pengo kuliko mtoto mmoja aliyetengwa kwa ajili ya daftari.

Na mwanadamu naye hulipa. Jino la sili hubeba vimelea vya aina ya maikoplazima vinavyovimbisha kidole na kuweza kuharibu kiungo. Penisilini haivitibu, dawa za kundi la tetrasaiklini ndizo huvimaliza. Kila mhifadhi anayeshuka kisiwani anatakiwa ajue jina la dawa hiyo kabla ya kupanda mashua, kwa sababu daktari wa mji ulio mbali na bahari huenda hajawahi kuona jeraha la sili. Ongeza mawe yenye mwani, maji ya bamvua yanayofunga njia ya kurudi, na siku ambazo mashua haiwezi kutua kabisa. Ratiba ya siku nne nne ni nzuri kwenye karatasi. Mwezi wa Novemba bahari ya Kaskazini huichanachana, na kila ziara iliyokosekana hufungua tundu ambamo watoto huzaliwa na kufa bila kuandikwa.

Kuna pia ukomo wa wingi. Blakeney Point, rasi ya mchanga na kokoto huko Norfolk, ilikuwa na watoto 25 tu mwaka 2001. Walipofika maelfu, kupita katikati yao kukawa ni kuwasumbua wote kila siku, na wahifadhi wakaacha kuhesabu eneo zima kwa miguu. Walichukua sehemu moja, wakaihesabu vizuri, na kutumia mwenendo wake kuelewa palipobaki. Uamuzi ule naupenda sana, na nitaurudia nikifika kwenye kuchagua.

Darubini kutoka juu

Hapa mhifadhi hashuki. Anakaa juu ya jabali, amejificha, ana darubini ya miguu mitatu, daftari na ramani ya ufuo. Sili hawamwoni, mama hawakimbii. Kwa kisiwa kidogo chenye vifuko vya mchanga chini ya majabali, hii ndiyo njia ya upole kuliko zote, na ni rahisi kuliko zote pia.

Nguvu yake ni mama. Kila sili jike wa kijivu ana madoa yake shingoni na ubavuni, hayafanani na ya mwingine, na wengi wana makovu, baadhi yakiwa ya nyavu zilizowabana shingo. Mhifadhi mwenye picha za kutosha huanza kuwajua. Katika kisiwa cha Skomer, Wales, mama wale wale wamefuatiliwa mwaka hadi mwaka, wengi wakirudi ufuo uleule. Ujuzi wa namna hiyo ndio uliowezesha jambo ambalo idadi peke yake isingelionyesha. Ufuatiliaji wa Skomer ulipoanza mwaka 1992, katikati ya msimu wa kuzaa ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Kufikia 2004 ilikuwa imesogea mapema kwa takriban wiki tatu. Watafiti waliiunganisha na bahari yenye joto zaidi, na sehemu ya maelezo ilikuwa umri wa mama: miaka yenye joto ilikuwa na mama wazee zaidi, nao mama wazee huzaa mapema. Utajuaje umri wa mama usiyemjua?

Udhaifu wake ni kivuli. Pango halionekani kutoka juu. Mtoto aliyelala nyuma ya jiwe haonekani. Mvua na ukungu vikishuka, siku imekwisha. Kwa hiyo huko Skomer darubini haikuachwa peke yake: penye mapango na penye kuweza kufikika, watu hushuka na watoto hutiwa rangi. Usidanganyike na mtu anayekuambia darubini inatosha kisiwa chenye mapango. Haitoshi, na makosa yake ni ya upande mmoja siku zote, yaani unahesabu pungufu.

Droni

Droni ndogo hupaa, hupita kisiwa kwa mistari iliyopangwa, hupiga picha zinazopandana, na jioni picha hizo huunganishwa kuwa moja ya kisiwa kizima. Watoto huhesabiwa kwenye kioo cha kompyuta, vizuri zaidi na watu wawili wasioonyeshana majibu. Kazi iliyokuwa inahitaji wahifadhi kadhaa na siku nzima ya mashua inaweza kumalizwa asubuhi moja, na picha inabaki. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Hesabu ya mguu ikishaandikwa haiwezi kurudiwa. Picha inaweza kuhesabiwa upya miaka 20 baadaye na mtu mwenye swali ambalo leo halijaulizwa.

Farne wenyewe wamehamia huko, na sioni namna mahali penye zaidi ya watoto 2,600 kwa msimu, kama ilivyokuwa pale mwaka 2018, pangeendelea kuhesabiwa kwa rangi peke yake bila kuwachosha sili na watu.

Lakini kuna mambo ya kujua kabla ya kununua. Mtoto mweupe juu ya nyasi huonekana waziwazi; aliyenyonyoka, kijivu juu ya jiwe la kijivu, hupotea. Miamba iliyopakwa kinyesi cha ndege hutoa watoto ambao hawapo. Kamera ya joto husaidia kwa yote mawili, kwa kuwa mwili hai hung'aa na maiti aliyepoa hufifia, ingawa jiwe lililopigwa na jua nalo hung'aa, ndiyo maana hurushwa alfajiri au siku ya mawingu. Betri hudumu dakika 20 hadi 30, na baridi huipunguza. Upepo ndio mwamuzi: siku nyingi za msimu wa sili ni siku ambazo droni ndogo haipaswi kupaa. Chumvi ya bahari hula mota. Shakwe huishambulia. Pangoni haiingii. Na kibali cha kuirusha ndani ya hifadhi huombwa miezi kabla.

Wengi hudhani droni haisumbui. Inasumbua ikirushwa vibaya. Ikipita chini sana mama huinua vichwa, kisha huanza kuteremka kuelekea majini, na hapo umeleta madhara yaleyale ya miguu kwa kasi kubwa zaidi. Inapaishwa mbali, inafika juu kwanza ndipo inasogezwa, haishushwi ghafla, na rubani huwa na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuwatazama sili, si kioo. Vichwa vikianza kuinuka, droni inaondoka.

Ndege

Ndege yenye rubani si chaguo la mhifadhi mmoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Sea Mammal Research Unit, kitengo cha utafiti wa mamalia wa baharini cha Chuo Kikuu cha St Andrews, hupiga picha mazalio makubwa ya Uskoti kutoka angani, mara kadhaa kwa msimu, kila baada ya siku kumi na kitu. Idadi za kila safari, weupe kando na walionyonyoka kando, huingizwa kwenye hesabu inayojua mtoto huchukua muda gani kunyonyoka na kuondoka, ikatoa makadirio ya wote waliozaliwa. Kwa njia hiyo pamoja na hesabu za ardhini, Uingereza nzima ilikadiriwa kupata watoto karibu 68,000 mwaka 2019. Hakuna njia nyingine inayofika visiwa vya mbali vingi kiasi hicho kwa msimu mmoja. Makadirio yake hata hivyo hutegemea mambo yaliyopimwa na watu waliosimama kisiwani, kwa mfano muda huo wa kunyonyoka.

Kilichoonekana kwa macho tu

Kuna kisa kinachonifanya nisikubali kisiwa kiachwe bila mtu. Kwa miaka kadhaa mizoga ya sili ilikuwa ikiokotwa Uskoti na kwingineko ikiwa na jeraha moja refu lililozunguka mwili kuanzia kichwani, kingo zake laini. Dhana iliyopata nguvu ilikuwa rafadha za meli. Mjadala ulihusu vyombo vya baharini na namna ya kuvizuia. Desemba 2014, katika kisiwa cha Isle of May, Uskoti, watafiti waliokuwa hapo walimwona dume la sili wa kijivu akiwakamata watoto walioachishwa ziwa, akiwaua na kuwala, na mizoga aliyoiacha ilikuwa na jeraha lilelile.

Picha ya kutoka angani ingeonyesha maiti. Isingemwonyesha muuaji. Vivyo hivyo kwa maradhi: mwaka 2023 homa ya mafua ya ndege, H5N1, iliua zaidi ya asilimia 95 ya watoto wa sili tembo huko Península Valdés, Argentina. Dalili za mwanzo za maradhi kama hayo, pumzi nzito na kutetemeka, huonwa na anayejua mnyama mzima anavyolala. Ni kweli pia kwamba ugonjwa kama huo ni sababu ya kutoshuka ovyo: buti huchovywa kwenye dawa kila unapotoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na maiti haguswi bila glovu na barakoa.

Uchague ipi

Kama kisiwa chako kina watoto wasiozidi mia chache, majabali na mapango, chukua darubini kama njia kuu na rangi kwa mapango na fukwe zinazofikika bila kukimbiza mama. Usinunue droni. Pesa hiyo inunue mhifadhi wa pili, kwa sababu pangoni mtu haingii peke yake.

Kama ni kisiwa bapa chenye watoto elfu na zaidi, droni ihesabu, na wewe utenge sehemu moja ndogo ya kutia rangi na kufuatilia vifo kwa miguu msimu wote. Hapa ndipo busara ya Blakeney inapofaa. Chagua sehemu mbili ukiweza, moja ya chini inayopigwa na mawimbi na moja ya juu, maana vifo vyake havitafanana, na ukichukua ya juu peke yake utaamini kisiwa chako ni salama kuliko kilivyo.

Kama unasimamia funguvisiwa zima na huna watu wa kukaa huko, jiunge na wenye ndege.

Na kama sili wako si wa kijivu, anza upya. Mtoto wa sili wa pwani huvua manyoya meupe akiwa bado tumboni na huogelea saa chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo rangi haina maana kwake. Huhesabiwa kutoka mbali maji yakipwa, wakiwa wamelala juu ya mafungu ya mchanga. Sili mtawa wa Mediterania hujifungulia mapangoni siku hizi, na ni wachache mno kiasi kwamba hakuna anayestahili kuwaingilia. Kwao hufungwa kamera zinazojipiga zenyewe. Hereni za plastiki kwenye pezi la nyuma, kama wanavyovikwa sili watawa wa Hawaii, ni za swali jingine: nani ameishi hadi utu uzima. Usimshike mtoto kwa hereni ikiwa hakuna atakayekuwepo miaka kumi ijayo kuisoma.

Ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine

Hapa ndipo kumbukumbu za miaka mingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Kisiwa kinahesabiwa kwa miguu miongo kadhaa, mwaka mmoja kinapewa droni, idadi inaruka juu au inashuka, na hakuna anayeweza kusema kama ni sili waliobadilika au ni kipimo. Fanya njia zote mbili kwa pamoja angalau misimu miwili, siku zilezile, ufuo kwa ufuo, ndipo uache ya zamani. Linganisha kwa hatua za umri, si kwa jumla tu, kwa sababu droni huwa inakosa hasa walionyonyoka na darubini inakosa hasa waliofichwa na jabali.

Katika daftari, kando ya kila idadi, andika nani alihesabu, saa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au kupwa, upepo ulitoka wapi, na sehemu zipi hazikufikiwa siku hiyo. Sehemu isiyofikiwa usiiandikie sifuri. Iache wazi na uandike sababu.